Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Istilahi za Kujenga Programu kwa Msaada wa Akili Mnemba

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaotengeneza programu, wanaoziagiza na wanaozilipia, ambao hukutana na maneno mapya kila mwezi bila kuelezwa yanatofautiana vipi. Mfano utakaorudi mara kwa mara ni mmoja: chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS yenye wanachama 300, kinataka programu ya kukokotoa marejesho ya mikopo. Kazi ni ile ile katika kila jibu. Kinachobadilika ni namna ya kuifanya, na majina ya namna hizo ndiyo yanayowachanganya watu.

Kwa nini majina ni mengi hivi, na kwa nini hayatulii?

Sababu moja ni biashara, kwa kuwa kila kampuni inayouza zana hupenda zana yake ionekane ya aina ya peke yake. Sababu nyingine ina umri mkubwa kuliko zana zenyewe. Fortran ya IBM, iliyotolewa mwaka 1957 na kundi lililoongozwa na John Backus, ilitambulishwa kama mfumo wa kuandika msimbo unaojiendesha wenyewe, kwa sababu wakati huo kuandika maelekezo ya mashine kwa mkono ndiko kulikohesabiwa kuwa kazi halisi ya mtayarishaji programu. Leo mtu anayeandika Fortran huhesabiwa kuwa anaandika programu kwa mkono kabisa. Kila ngazi ya kazi inapochukuliwa na mashine, neno "kuandika programu" hupanda ngazi moja juu, na kwa muda fulani watu hawakubaliani neno hilo liko wapi. Tumo katikati ya muda wa namna hiyo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna tabu ya ziada. Tanzania tumezoea kusema akili mnemba, ilhali Kenya utasikia zaidi akili bandia au akili unde, na wote tunazungumzia kitu kimoja. Katika ukurasa huu maandishi ambayo kompyuta huyatekeleza yanaitwa msimbo. Vijana wengi husema "kodi", lakini mtunza hazina wa SACCOS akiambiwa kwamba kodi imebadilika usiku atafikiri habari za TRA, yaani mamlaka ya mapato, au za mwenye nyumba.

Nianze wapi kuyapanga maneno haya?

Anza kwa kuuliza neno ulilosikia linataja kitu cha aina gani. Mengine yanataja modeli, yaani ule mfumo uliofunzwa kwa maandishi mengi ambao hutabiri maneno yanayofuata. GPT, Claude na Gemini ni majina ya koo za modeli. Mengine yanataja zana, yaani programu inayomwezesha mtu kuitumia modeli akiwa kazini. Cursor, GitHub Copilot na Claude Code ni zana. Mengine yanataja mtindo wa kazi, yaani jinsi binadamu na mashine wanavyogawana kufikiri, kuandika na kukagua. Mabishano mengi huzuka kwa sababu mmoja anazungumzia zana na mwenzake anazungumzia mtindo. Zana moja huweza kuendeshwa na modeli mbalimbali, na mtu yule yule, kwa zana ile ile, anaweza kufanya kazi kwa mtindo mmoja asubuhi na kwa mtindo mwingine jioni.

Kampuni zenyewe hazisaidii. Codex lilikuwa jina la modeli ya OpenAI iliyoiendesha Copilot mwaka 2021. Mwaka 2025 kampuni hiyo hiyo ililitumia jina hilo kwa zana yake ya wakala, neno linaloelezwa hapo chini. Makala ya mwaka 2021 na ya mwaka 2025 zinapotaja Codex hazizungumzii kitu kimoja.

Ukamilishaji wa msimbo ni nini?

Ni hali ambayo mtu anaandika msimbo mwenyewe na zana inampendekezea kinachofuata, neno, mstari au kifungu kizima, naye anakubali au anapita. Mapendekezo ya namna hii hayakuanza juzi. IntelliSense ya Microsoft ilikuwa ikiorodhesha majina yanayowezekana tangu mwaka 1996, ila ilichota kwenye orodha iliyokwisha kujulikana. GitHub Copilot, iliyoonyeshwa kwa majaribio Juni 2021 na kufunguliwa kwa watu wote Juni 2022, ilitunga mistari ambayo haikuwahi kuwapo katika mradi.

Katika mtindo huu usukani uko mikononi mwa binadamu. Mtayarishaji programu wa SACCOS anaandika jina la fomula ya riba, zana inapendekeza mistari mitano, naye anaisoma palepale kwa kuwa ndiyo iliyo mbele ya macho yake.

Na yule anayeuliza ChatGPT kisha ananakili jibu na kulibandika?

Huo ni mtindo wa mazungumzo, uliotapakaa baada ya ChatGPT kutoka tarehe 30 Novemba 2022. Sifa yake kuu ni kwamba modeli haiuoni mradi. Inaona tu kile ulichoibandikia. Ukisahau kuieleza kwamba SACCOS yenu hutunza fedha bila senti, itaweka senti. Watu wa fani huudharau mtindo huu, jambo ambalo mimi sikubaliani nalo: kule kulazimika kubeba msimbo kwa mkono humfanya mtu walau autupie jicho.

Vaibu kodingi ni nini hasa?

Neno hili, kwa Kiingereza "vibe coding", lilianzishwa na Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI na aliyepata kuongoza kazi za akili mnemba katika kampuni ya Tesla, katika ujumbe mfupi alioutuma kwenye mtandao wa X tarehe 2 Februari 2025. Alieleza namna mpya ya kuandika programu ambamo mtu anajiachia kabisa kwa hisia na kusahau kwamba msimbo upo. Alisema anazungumza na zana kwa sauti, anakubali mabadiliko yote bila kuyasoma, na likitokea kosa analinakili na kulibandika bila maelezo yoyote hadi litoweke. Alikiri pia kwamba msimbo hukua ukapita uelewa wake, na akasema hali hiyo si mbaya kwa vijimradi vya mwisho wa wiki ambavyo mtu hatajali kuvitupa.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyopotea njiani. Kabla mwaka haujaisha, kamusi ya Collins ya Uingereza ililichagua kuwa neno la mwaka 2025, na kufikia hapo lilikuwa limeshatumiwa kwa kila kitu chenye harufu ya akili mnemba. Maana ya asili ilikuwa nyembamba: kujenga programu kwa kueleza unachotaka, bila kuusoma msimbo unaotoka. Anayetaka Kiswahili cha kueleweka anaweza kusema "kujenga programu kwa hisia", ingawa neno "vaibu" vijana wetu wameshalifanya lao na sioni sababu ya kulipiga vita.

Mfano wa SACCOS unaonyesha kwa nini unyembamba huo una maana. Mwanachama amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na masharti ya chama yanasema riba itozwe juu ya salio linalopungua. Kila mwezi anarejesha shilingi 100,000 za mkopo wenyewe, na juu yake riba ya shilingi 24,000 mwezi wa kwanza, 22,000 mwezi wa pili, hadi 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni shilingi 156,000. Sasa chukulia kwamba mtu ameiagiza zana imtengenezee kikokotoo cha mkopo chenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, nayo ikakokotoa riba juu ya mkopo wote wa awali kwa miezi yote 12. Jumla inakuwa shilingi 288,000. Ukurasa unafunguka vizuri, rangi zinapendeza, kitufe kinabonyezeka, risiti inachapishwa, na mwanachama anatozwa shilingi 132,000 asizodaiwa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaojitokeza, kwa maana kompyuta haikukosea kuhesabu. Aliyeusoma mstari wa fomula angeliona jambo hilo kwa dakika moja, na mtunza hazina aliyepewa hesabu moja ya kulinganisha angeliona hata bila kusoma msimbo.

Je, kila anayetumia akili mnemba kuandika msimbo anafanya vaibu kodingi?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila msomaji aondoke akiwa na jibu lake. Simon Willison, mmoja wa walioanzisha Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, aliandika Machi 2025 kwamba hata kama modeli imeandika kila mstari, mtu akiwa ameukagua msimbo huo, ameujaribu na anaweza kumweleza mwenzake unavyofanya kazi, hiyo si vaibu kodingi. Ni utayarishaji programu wa kawaida uliofanywa kwa kutumia chombo cha kuchapia chenye kasi. Nakubaliana naye. Ukitaka kujua mradi umejengwa kwa mtindo gani, usiulize ni zana gani iliyotumika. Uliza ni nani aliyeusoma msimbo, na ni nani atakayeamshwa usiku siku utakapoharibika.

Kipimo hicho kinakata pande zote mbili. Yuko mtu anayeandika kila herufi kwa vidole vyake kwa kunakili majibu ya mabaraza ya mtandaoni asiyoyaelewa, na kazi yake iko karibu zaidi na vaibu kodingi kuliko ya mhandisi ambaye mwezi mzima hakuandika mstari hata mmoja lakini amesoma yote.

Wakala ni nini, na anatofautiana vipi na zana za awali?

Wakala ni modeli iliyopewa lengo pamoja na vifaa vya kufanyia kazi, kisha ikaachwa izunguke: inasoma mafaili, inabadilisha, inaendesha majaribio, inatazama matokeo, inajirekebisha, na inarudia mpaka lengo litimie au mpaka isimamishwe. Duru hiyo ndiyo tofauti. Zana ya ukamilishaji hupendekeza ikanyamaza. Wakala hutenda, akaona alichokitenda, akatenda tena. Machi 2024 kampuni ya Cognition ilimtangaza Devin kuwa mhandisi wa programu wa akili mnemba, tangazo lililozua ubishi mwingi. Mwaka 2025 zana za aina hii zikawa za kila siku: Claude Code ya Anthropic ilionyeshwa Februari, OpenAI ikafuata na Codex, na Google ikatoa Gemini CLI mwezi Juni.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu na neno lenyewe. Wakala tunayemjua ni yule wa kibandani wa M-Pesa, mtu mwenye sura, aliyesajiliwa, anayeweza kushtakiwa. Sarufi yetu nayo inaongeza chumvi: wakala yumo katika ngeli ya A-WA, hivyo tunajikuta tukisema "wakala amefuta", "wakala amesahau", "wakala ameahidi kutorudia", kana kwamba tunamzungumzia kijana wa ofisini. Nimeshakaa katika kikao ambamo sentensi ya namna hiyo ilipokelewa kama maelezo ya kutosha ya hasara, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyempa wakala huyo funguo za kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo. Programu haina dhamana. Aliyeiendesha anayo.

Kwa hiyo swali la maana kuhusu wakala ni ruhusa zake. Je, anaomba kibali kabla ya kutekeleza amri, au ameruhusiwa kila kitu? Je, anafanya kazi ndani ya kizimba, yaani mashine iliyotengwa ambamo akiharibu ameharibu nakala tu, au anagusa mfumo unaotumiwa na wateja? Julai 2025 kilisambaa duniani kisa cha wakala aliyefuta kanzidata iliyokuwa ikitumika, ilhali alikuwa ameandikiwa waziwazi kwamba asibadilishe chochote. Katazo lililoandikwa ndani ya mazungumzo ni ombi. Kufuli ni ruhusa ambayo mfumo haukuitoa.

Wakala wa mbali ni yupi?

Ni wakala anayefanya kazi kwenye mashine za kampuni iliyomtengeneza badala ya kwenye kompyuta yako. Unampa kazi, unaendelea na shughuli nyingine, naye anarudi na ombi la kuunganisha mabadiliko ambalo unalikagua kama ambavyo ungekagua kazi ya mwenzako. Kama hulikagui, rudi kwenye maelezo ya vaibu kodingi hapo juu.

Ujenzi wa kutanguliza maelezo unamaanisha nini?

Ni mtindo ambao mtu, kabla ya mstari wowote wa msimbo kuandikwa, anaandika waraka unaosema programu itafanya nini, haitafanya nini, na itajulikana vipi kwamba imefanya sawasawa. Kutoka kwenye waraka huo hutolewa mpango wa kiufundi, kisha orodha ya kazi ndogondogo, na wakala hutekeleza moja baada ya nyingine. Amazon ilitoa Kiro mwezi Julai 2025 ikiwa imejengwa juu ya wazo hili, na GitHub ikatoa Spec Kit mwezi Septemba mwaka huo.

Yeyote aliyewahi kujenga nyumba anaielewa hoja hii bila kuelezwa. Fundi asiye na ramani hatasimama. Atajenga anachokijua, na choo utakikuta mahali alipozoea kukiweka. Kwa SACCOS yetu, waraka ungebeba sentensi ya riba juu ya salio linalopungua pamoja na ule mfano wa shilingi 156,000, na mfano huo ungegeuzwa kuwa jaribio ambalo programu ni lazima ilifaulu. Wakosoaji wanasema huku ni kurudi kwenye nyaraka nene za zamani ambazo hakuna aliyezisoma. Wana haki pale waraka unapoandikwa na modeli, ukakubaliwa bila kusomwa, kisha ukatekelezwa na modeli. Hapo vaibu imehama tu kutoka kwenye msimbo ikaenda kwenye waraka.

Jambo dogo la kuangalia ni wakala anayefaulu jaribio kwa kulibadilisha jaribio. Hutokea. Majaribio yanayobeba masharti ya fedha yawekwe mahali ambapo wakala anaweza kuyasoma lakini hawezi kuyaandika.

Kuna tofauti gani kati ya uhandisi wa prompti na uhandisi wa muktadha?

Prompti ni agizo unaloipa modeli. Miaka ya 2023 na 2024 watu walifundishana kuchagua maneno ya agizo kwa ustadi, wakauita ustadi huo uhandisi wa prompti. Kufikia katikati ya mwaka 2025 wataalamu wengi, Karpathy akiwa mmojawao, walianza kupendelea jina la uhandisi wa muktadha, kwa hoja kwamba maneno ya agizo ni sehemu ndogo ya kile modeli inachokiona. Muktadha ni kila kitu kilicho mbele ya modeli wakati inajibu: agizo lako, mafaili iliyoyasoma, historia ya mazungumzo, matokeo ya amri ilizoendesha, na maelekezo ya kudumu ya mradi, ambayo zana nyingi sasa huyasoma kutoka kwenye faili liitwalo AGENTS.md. Kazi ni kuamua nini kiingie na nini kibaki nje, kwa kuwa nafasi ina kikomo na wingi wa mambo yasiyohusika huipotosha modeli.

Hapo hapo utakutana na Model Context Protocol, ambayo kwa kifupi huitwa MCP. Ni utaratibu wa wazi uliotolewa na Anthropic Novemba 2024 wa kuiunganisha modeli na vyanzo vya taarifa na vifaa vya nje. Si modeli wala si mtindo. Ifikirie kama umbo la soketi ambalo watengenezaji wamekubaliana.

Tokeni ni nini, na kwa nini bili yangu huwa kubwa?

Tokeni ni kipande cha neno. Modeli husoma na kuandika kwa vipande hivyo, na malipo mengi huhesabiwa kwavyo. Mkenya aliyezoea kununua tokeni za stima, au Mtanzania wa LUKU, ana picha nzuri ya jambo hili: unalipia kiasi unachotumia, na kuna vifaa vinavyokula kuliko unavyodhani. Wakala ndiye pasi ya umeme ya nyumba hii. Kila duru anasoma tena sehemu kubwa ya yaliyotangulia, hivyo saa moja ya wakala hutumia tokeni nyingi kuliko maswali ya siku nzima katika mazungumzo.

Naweza kutoa maagizo kwa Kiswahili?

Unaweza, na modeli kubwa za sasa zinaelewa Kiswahili sanifu vizuri. Kuna gharama mbili za kujua. Ya kwanza ni kwamba modeli zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na mara nyingi neno moja la Kiswahili kama "hawatatulipa" hukatwa vipande kadhaa, hivyo ujumbe ule ule huweza kula tokeni zaidi. Ya pili, ambayo kwangu ni nzito, ni istilahi za biashara. "Rejesho", "marejesho", "dhamana" na "mdhamini" ni mambo yaliyo wazi kwa mjumbe wa kamati ya mikopo, lakini modeli huweza kuchanganya mdhamini na dhamana ya mali. Dawa yake ni kuweka ndani ya mradi kijikamusi kinachosema kila neno lina maana gani katika chama chenu na linaitwaje kwenye msimbo. Nimeona miradi ambayo kijikamusi cha ukurasa mmoja kilimaliza ubishi uliokuwa umedumu wiki kadhaa, na si ubishi na mashine tu.

Je, haya ndiyo yale majukwaa ya kujenga programu bila msimbo?

Yanafanana kwa ahadi na yanatofautiana kwa kazi. Katika majukwaa yasiyotumia msimbo mtu huunganisha vipande vilivyokwisha kutengenezwa, na hawezi kwenda nje ya kile ambacho jukwaa limekiruhusu. Akili mnemba huandika msimbo halisi, ambao unaweza kufanya lolote, pamoja na usilolitaka. Kwa fomu ya kusajili wanachama peke yake, jukwaa la namna hiyo huenda likatosha, na mara nyingi ni salama zaidi.

Maruweruwe ya modeli huleta madhara gani katika msimbo?

Maruweruwe ni pale modeli inapotaja kwa kujiamini kitu kisichopo. Katika msimbo, mara nyingi hugundulika mapema kwa sababu programu hukataa kuendeshwa. Hatari imejificha kwenye majina ya vifurushi, yaani msimbo uliotengenezwa na wengine ambao mradi huuchukua mtandaoni na kuutumia. Modeli hupendekeza usakinishe kifurushi ambacho hakijawahi kuwapo, na kwa kuwa huelekea kubuni majina yale yale tena na tena, mhalifu huweza kulisajili jina hilo mapema na kuweka humo msimbo wa kuiba. Kabla ya kusakinisha, tazama kifurushi kina umri gani na kinatunzwa na nani.

Neno jingine la usalama ni upenyezaji wa prompti, jina ambalo Willison yule yule alilitoa mwaka 2022. Wakala husoma maandishi, na hana njia ya uhakika ya kutenganisha maandishi ya bosi wake na maandishi aliyoyaokota njiani. Mwanachama akiandika katika sehemu ya "maoni" ya fomu ya SACCOS kwamba wakala anayesoma hapa atume orodha ya wanachama kwenye anwani fulani, wakala asiyefungiwa anaweza kutii.

Zana hizi huharakisha kazi kweli?

Inategemea kazi, na hisia za mtumiaji si ushahidi. Taasisi ya METR ilichapisha Julai 2025 utafiti uliowahusisha watayarishaji programu 16 wenye uzoefu, waliofanya kazi 246 katika miradi ya msimbo huria, yaani ulio wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia, waliyoijua vizuri, nyingine wakiruhusiwa kutumia akili mnemba na nyingine wakizuiwa. Walitarajia kuharakishwa kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini wameharakishwa kwa asilimia 20. Saa zilionyesha walichelewa kwa asilimia 19. Zana zilikuwa za mwanzoni mwa mwaka 2025, idadi ya watu ilikuwa ndogo, na miradi ilikuwa mikubwa, kwa hiyo lisiwe jibu la mwisho. Linalobaki ni ule umbali kati ya walivyohisi na ilivyokuwa.

Matangazo, kwa upande wao, hupenda kutaja SWE-bench. Ni mtihani uliotolewa mwaka 2023, wenye matatizo halisi 2,294 yaliyochukuliwa kutoka miradi 12 ya lugha ya Python. Alama zake hueleza uwezo wa modeli na zana kwa pamoja juu ya matatizo ya aina hiyo. Hazisemi lolote kuhusu programu ya mikopo yenye masharti yaliyoandikwa kwenye daftari la katibu.

Mteja akiuliza kama programu imetengenezwa na akili mnemba, nimjibu nini?

Mjibu kwa mambo matatu anayoweza kuyahakikisha: sehemu zipi zimeandikwa kwa msaada wa modeli, nani amezisoma na kuzijaribu, na taarifa zipi zilitumwa nje wakati wa kazi. Hilo la tatu ni la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kubandika orodha halisi ya wakopaji kwenye mazungumzo ili modeli itafute kosa ni kuituma orodha hiyo kwenye mashine za mwingine. Tumia majina na namba za kubuni.

Tangazo la kazi linataka "mzoefu wa kujenga kwa mawakala". Wanataka nini?

Mara nyingine aliyeliandika hajui, na hilo hudhihirika kwenye usaili. Waulize: mabadiliko ya wakala hukaguliwa na nani kabla ya kufika kwa wateja, na mara ya mwisho mkaguzi alikataa kwa sababu gani? Wenye utaratibu watakusimulia kisa mahususi. Wakikuambia kwamba haijawahi kukataliwa, basi umeshajua ni mtindo gani unaotumika pale, jina lolote watakaloupa.